Kulala Jangwani Ndani ya Vani: Vidokezo 15 vya Chalbi na Ziwa Turkana

Tangu lami ilipofika Moyale, Marsabit haiogopeshi tena. Unaondoka Nairobi alfajiri, unazipita Isiolo, Archers Post, Merille na Laisamis, na kabla jua halijazama umeshapanda mlima wa Marsabit na gari lako bado linang'aa. Hapo ndipo wenye Hiace iliyotiwa kitanda, au Delica iliyofungwa sola juu, wanapoanza kutamani kukata kushoto. Kushoto kuna Maikona, Kalacha na North Horr, kuna jangwa la Chalbi, na mbele yake Ziwa Turkana.

Ukishaiacha lami, utakaa mwendo mrefu bila kuona bomba la maji, soketi ya umeme wala kibanda cha pancha. Kila unachohitaji kiwe ndani ya gari, au uwe unajua jina la mtu atakayekusaidia kukipata. Vidokezo hivi ni vya mzunguko wa Marsabit, North Horr na Loiyangalani, kisha kurudi kupitia South Horr hadi Laisamis.

1. Chagua mwezi kwanza, njia baadaye

Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana. Wakati wa kiangazi ni tambarare ya udongo na chumvi, ngumu na nyeupe, na gari hupita bila kutikisika. Ikinyesha, udongo uleule hugeuka tope la kushika hata lori. Sehemu hizi hupata chini ya milimita 250 za mvua kwa mwaka, lakini mvua yenyewe huja kwa mkupuo, na siku moja ya gharika yatosha kufunga njia kwa muda mrefu.

Januari na Februari ni miezi mizuri, na vilevile Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba, panga safari nyingine. Hata wakati wa kiangazi usiondoke Marsabit kabla ya kuongea na madereva wa malori yanayopeleka bidhaa North Horr. Ramani ya simu haijui kama juzi kulinyesha Kalacha. Utingo wa lori anajua, na atakueleza pia ni wapi pa kuzungukia.

2. Kubali ukweli kuhusu vani yako

Hiace ya kawaida, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu na yenye tumbo karibu na ardhi, haikuundwa kwa ajili ya Chalbi. Usiipeleke huko kwa sababu umeona picha ya mtu aliyefaulu. Iko njia yake: barabara ya Laisamis kwenda South Horr hadi Sarima, kilomita 208, iliyotengenezwa upya ili kupitisha vifaa vya mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana. Kama malori yaliyobeba mitambo 365 ya upepo yalipita, nawe utapita taratibu, huku ukikwepa mawe na kuvumilia mitikisiko ya barabara iliyofanya mawimbi. Utafika Loiyangalani, utaliona ziwa, na utarudi kwa njia hiyohiyo.

Delica au Hiace inayosukumwa na magurudumu manne, yenye springi zilizoinuliwa kidogo, inaweza kujaribu mzunguko mzima wakati wa kiangazi. Vyovyote iwavyo, mpelekee fundi gari wiki mbili kabla ya safari, si jioni ya kuamkia safari. Akague bushi, shokabzoba, breki, mipira ya rejeta, mkanda wa feni na vishikizo vya betri. Kisha nunua mkanda wa akiba na mpira wa rejeta wa akiba, uviweke chini ya kitanda.

3. Maji: hesabu, kisha ongeza

Kwenye joto la nyuzi 38 mtu mzima anayefanya kazi kidogo tu anahitaji lita 4 hadi 5 za kunywa kwa siku. Ukiongeza ya kupika, kuosha vyombo na kujipangusa jioni, lita 10 kwa kila mtu kwa siku ni hesabu ya haki. Watu wawili kwa siku 4 ni lita 80. Ongeza akiba ya siku 2 kwa ajili ya gari kuharibika: lita 40 nyingine. Jumla ni lita 120, yaani kilo 120, kwa hiyo zipange chini na katikati ya gari, karibu na ekseli. Ukiziweka juu ya paa, gari litayumba kila kona.

Usiweke maji yote kwenye tangi moja. Tangi likipasuka kwenye mawe, umebaki na unyevu kwenye zulia. Jerikeni sita za lita 20 ni salama zaidi, na moja iwe na alama ya maji ya rejeta. Usitegemee ziwa kujaza pengo: maji ya Turkana yana chumvi na magadi, na hata baadhi ya visima vya eneo hilo vina madini ya floraidi kupita kiasi. Dawa ya kuua vijidudu na kichujio cha mkononi havipunguzi chumvi.

4. Tairi ndiyo roho ya safari

Beba matairi mawili ya akiba, si moja. Pima presha asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Mchana tairi likipata moto presha hupanda yenyewe. Usiitoe, maana usiku tairi litalala limelegea.

Kwenye mchanga mlaini, punguza. Tairi lililokuwa na PSI 40 likishuka hadi karibu 20 hutandaza mguu na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Ukishapunguza, usizidi kilomita 40 kwa saa na usikate kona kwa ghafla. Mbele ya kijiji cha Gas kuelekea Loiyangalani mambo hugeuka: huko kuna mawe meusi ya volkano yenye makali. Tairi lililolegea huchanika ubavuni, na ubavu hauzibiki. Jaza upya kabla ya kuingia kwenye mawe, kisha tembea mwendo wa baiskeli.

Kwa hiyo pampu ya umeme inayofungwa moja kwa moja kwenye betri ni lazima, pamoja na kipimo cha presha, viraka, gundi na pampu ya mkono kwa siku ya bahati mbaya. Ongeza kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao, jeki huzama mchangani na gari linabaki palepale.

5. Mafuta: jaza Marsabit, usijiamini

Marsabit ndicho kituo cha mwisho chenye pampu za uhakika. Ng'ambo ya hapo mafuta hupatikana kwenye mapipa na jerikeni, kwa bei ya juu na usafi usiojulikana. Mzunguko mzima unazidi kilomita 450. Gari linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 za lami, lipe lita 15 kwenye mchanga na mawe. Fanya hesabu hiyo na ujazo wa tangi lako, na utaona kwamba jerikeni moja au mbili za chuma si anasa.

Ukilazimika kununua ya pipa, yachuje kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, uyaache yatulie, na usimimine ya chini kabisa. Jerikeni za mafuta zisilale mnapolala ninyi.

6. Endesha na jua, si dhidi yake

Ondoka saa 12 asubuhi. Saa 5 tafuta kivuli, tandika turubai, pumzika. Ondoka tena saa 10 na uegeshe kabla ya saa 12 jioni. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, kila jiwe na kila shimo lina kivuli chake na unaliona. Mchana mwanga ni mweupe, ardhi yote huonekana sawasawa, na juu ya Chalbi mazigazi huchora maziwa mazuri yasiyokuwapo.

Usiku usiendeshe kabisa. Ngamia hana taa ya nyuma, na ukimgonga miguu, mwili wake wote unakujia kwenye kioo.

7. Fuata nyayo za magurudumu, lakini si zote

Katika Chalbi barabara haina kingo. Kila dereva amepita alipoona panafaa, kwa hiyo utakuta mistari kumi ikitawanyika. Pakua ramani za kutumia bila mtandao ukiwa Marsabit. OsmAnd na Maps.me hufanya kazi hiyo vizuri. Weka alama ya GPS kila unapobadilisha njia, ili uweze kurudi ulikotoka.

Mistari mingi mipya inayokwenda upande mmoja ndiyo njia. Mstari mmoja mzito unaokatika ghafla ni mahali mtu alipokwama. Na ukiona ardhi imebadilika rangi kutoka nyeupe kavu kuwa ya kahawia iliyokolea, simama. Shuka, tembea mita mia moja mbele, chokoa kwa fimbo. Ganda la juu huwa kavu na chini yake kuna tope, na miguu yako itakuonya mapema kuliko usukani.

Bora zaidi, beba kijana wa pale anayeijua njia. Apendekezwe kwa jina na chifu au mtu wa nyumba ya wageni, mkubaliane malipo ya siku kabla hajapanda, na chakula chake na usafiri wake wa kurudi viwe juu yako.

8. Ukikwama, ondoa mguu kwenye mafuta

Kosa la kwanza la kila mgeni ni kuongeza moto. Gurudumu huzunguka, mchanga huruka, na baada ya nusu dakika gari limekalia tumbo. Acha mara moja. Shuka, kunywa maji, ukague magurudumu yote manne.

Chimba kwa beleshi mbele na nyuma ya kila gurudumu, na utoe mchanga ulioshikilia tumbo la gari. Punguza presha. Ingiza mbao, mikeka ya magari au zulia kuukuu chini ya magurudumu yanayosukuma. Jaribu kwanza kurudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe, kwa sababu hapo ardhi tayari imeshindiliwa na uzito wako. Anza taratibu kwa gia ya chini, na ukitoka usisimame hadi ufike pagumu.

Ikiwa ni saa 7 mchana, usichimbe. Kaa kivulini hadi jua lipungue. Gari halitaondoka bila wewe, lakini wewe waweza kuzimia kando yake.

9. Kivuli cha laga ni mtego

Laga ni mto wa msimu: mchanga safi, migunga mikubwa pande zote mbili, na kivuli kinachokuita kwa jina. Kula chakula cha mchana hapo kama anga ni safi kila upande. Kulala, hapana. Mvua ikinyesha mlimani, kwa mfano juu ya Kulal wenye zaidi ya mita 2,200, maji huteremka kwa kishindo hadi bondeni ambako hakujadondoka hata tone. Utaisikia sauti kwanza, na mara nyingi ukiisikia hakuna muda wa kuviringisha godoro.

Egesha juu ya ukingo, mbali na mstari wa takataka na vijiti unaoonyesha maji ya mwisho yalifika wapi. Ukikuta laga imejaa, kaa. Maji ya laga nyingi hushuka baada ya saa chache. Maji yanayokimbia na kupita nusu ya tairi huinua vani kirahisi, kwa sababu ni boksi lenye hewa ndani.

10. Umeme: jua lipo, joto nalo lipo

Friji ndogo ya gari hutumia takriban wati-saa 400 hadi 600 kwa siku ya joto. Paneli za sola za wati 200, kwa saa 5 za jua kali na baada ya kuondoa upotevu, hukupa karibu wati-saa 700. Inatosha friji, taa, simu na feni ndogo. Haitoshi birika la umeme, pasi wala blenda, kwa hiyo viache nyumbani.

Tenga betri ya nyumba na betri ya kuwashia gari, ili muziki wa usiku usikuzuie kuondoka asubuhi. Betri ya kawaida ya asidi usiishushe chini ya nusu; ya lithiamu huvumilia zaidi, ila iweke mbali na injini. Paneli nazo hupungukiwa na nguvu zikichemka, kwa hiyo acha nafasi ya hewa kati ya paneli na paa. Zifute vumbi kila asubuhi kwa kitambaa kikavu.

11. Upepo wa Turkana huchagua pa kulala

Loiyangalani ina upepo unaojulikana Kenya nzima, na si bure kwamba kituo cha megawati 310 za umeme wa upepo kilijengwa jirani. Hutoka kusini-mashariki na mara nyingi huwa mkali usiku hadi asubuhi. Unaweza kufika jioni kukiwa kimya, ukatandaza turubai na viti kama uko ufukweni Nyali, na saa 5 usiku ukavifukuza gizani.

Elekeza pua ya gari kwenye upepo. Mlango wa kuteleza uwe upande uliokingwa. Ikiwezekana jikinge nyuma ya ukuta, mwamba au mikoche. Kunja turubai kabla ya kulala hata kama majani hayatikisiki. Kama paa la vani yako hufunguka juu na lina kitambaa pembeni, usiku huo lishushe.

Mchana, vumbi huingia kwa mlango wa nyuma. Funga madirisha ya nyuma, washa feni ya mbele ivute hewa ya nje kuingiza ndani, na vumbi litapungua. Kila jioni toa kichujio cha hewa ya injini ukikung'ute.

12. Jangwa lina wenyewe

Hiki ndicho kidokezo kinachosahauliwa na wengi wenye vifaa vizuri. Hapa ni nyumbani kwa Wagabra na ngamia wao, Warendille, Wasamburu, Waturkana, na Waelmolo wanaovua samaki kando ya ziwa. Pale unapoona pametupu, mtu ameshapapangia malisho ya mwezi ujao.

Kabla ya kuegesha kwa usiku, nenda kwa chifu au mzee wa karibu. Salimia: «Nagaa» kwa Wagabra na Waborana, «Supa» kwa Wasamburu, «Ejoka» kwa Waturkana, kisha Kiswahili kitaendelea. Jitambulishe, sema mko wangapi na mnaondoka lini, omba mahali pa kulala. Pakiti ya majani ya chai na kilo mbili za sukari humfaa mwenyeji kuliko maneno mengi. Peremende za kuwarushia watoto kupitia dirishani ziache dukani.

Kisima ni jambo zito zaidi. Visima vina wenyewe, vina zamu, na vina msimamizi wa zamu hizo. Mifugo iliyotembea siku nzima hunywa kabla ya gari lako. Kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu 5 ya mvua ilifeli mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na familia nyingi zilizika mifugo yao yote. Mtu aliyepitia hayo akikuona unaogea lita 20 karibu na kisima chake, atakaa kimya, lakini hatakusahau. Omba, ngoja, lipa ukiambiwa ulipe, na teka kiasi.

Picha ni baada ya ruhusa, na baada ya kukubaliana malipo kama yapo. Maikona na Kalacha kuna Waislamu wengi, kwa hiyo vazi la heshima litakufungulia milango. Ngamia wakiwa njiani, usipige honi, punguza mwendo, mwache mchungaji awasogeze.

13. Jiko la jangwani

Vitunguu, viazi, kabichi, ndimu na karoti hustahimili safari. Nyanya hufika zikiwa mchuzi. Chemsha maharagwe nyumbani, yagandishe kwenye vyombo, na siku mbili za kwanza yatakuwa barafu ya friji yako. Marsabit ulizia nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake. Hukaa bila friji na huenda vizuri na wali. Ukialikwa maziwa ya ngamia, kunywa.

Pikia gesi, mtungi wa kilo 6 unatosha. Usikate mgunga: mti uliochukua miaka mingi kukua hapo ni kivuli cha mtu na chakula cha mbuzi wake. Na usiwashe jiko la makaa ndani ya gari hata kwa dakika tano za baridi ya Marsabit. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi nalo liwashwe mlango ukiwa wazi, na mtungi ufungwe kabla ya kulala.

14. Joto, nge na nyoka

Kichwa kuuma, kizunguzungu, mkojo wa rangi ya chai: hizo ni dalili za upungufu wa maji. Kivuli, kitambaa kibichi shingoni, na maji ya chumvi na sukari. Pakiti za ORS zikiisha, chukua lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akiacha kutoa jasho na akaanza kuongea ovyo, hiyo ni dharura: mpoze mwili kwa maji na upepo, na anza kutafuta hospitali.

Viatu visilale nje. Vikilala nje, vikung'ute asubuhi, maana nge hupenda joto la kiatu. Usiku tembea na tochi na viatu vilivyofunika vidole. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu. Mlaze, mguu au mkono usitikisike, mvue pete na saa, mpeleke hospitali.

Ziwani uliza wavuvi pa kuogea. Turkana ina mamba wengi, na hawasomi vibao.

15. Mtu mmoja ajue uliko, na jangwa lisijue ulikuwapo

Mtandao wa simu upo Maikona, Kalacha, North Horr na Loiyangalani, lakini kati ya vituo hivyo hukatika kwa masaa. Mwachie ndugu yako ratiba iliyoandikwa: tunalala wapi, tunapiga simu saa ngapi, na asiposikia kitu hadi kesho yake saa 12 jioni ampigie nani. Amref Flying Doctors huuza bima ya muda mfupi ya kuokolewa kwa ndege. Viwanja vidogo vya ndege vipo Loiyangalani, Kalacha na North Horr. M-Pesa hufanya kazi penye mtandao tu, kwa hiyo beba noti ndogondogo.

Kuhusu usalama, piga ripoti kituo cha polisi unapofika na unapoondoka. Wizi wa mifugo na ugomvi wa malisho huhama kutoka bonde hadi bonde, na taarifa ya jana ni bora kuliko makala yoyote, hii ikiwamo. Safiri na gari la pili ikiwezekana. Lala karibu na watu: manyata, misheni, kituo cha polisi. Bonde la Suguta, kusini mwa ziwa, liache kabisa.

Takataka zote zirudi nawe hadi mjini. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, lakini chupa na pakiti bado hupeperuka, na mbuzi akimeza plastiki hufa taratibu. Choo ni shimo la kina cha sentimita 20, mbali na laga na kisima, na karatasi zirudi kwenye mfuko. Ukifika nyumbani, osha tumbo la gari kwa maji mengi. Chumvi ya Chalbi huendelea kula vyuma hata ukiwa umeegesha Ruaraka.

Ukipima mambo haya kwa bei, utagundua kwamba yenye uzito zaidi ndiyo ya bei nafuu: maji ya ziada, tairi la pili la akiba, beleshi, ubao wa jeki, na nusu saa ya kuketi na mzee kabla ya kuegesha. Hiace kuukuu yenye hayo itafika ziwani na kurudi. Vani ya mamilioni isiyo nayo itarudi juu ya lori. Kwa hiyo kabla hujaagiza droni ya kupigia picha Chalbi kutoka angani, nenda kanunue jerikeni.